Chai ya Benki Yetu

Nilifanya kazi benki miaka kumi na tisa na sikuwahi kushika pesa ya mteja hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa chai. Nilifagia pia, nikapiga deki, nikapanguza vioo kila Ijumaa, lakini watu walinijua kwa chai. Mpaka leo kuna wazee wa Kabazi, kijijini kwetu vilimani, wakinikuta sokoni wananiita mama wa benki, ingawa benki yenyewe haipo. Jengo liko palepale kando ya barabara, na mawe yake ya kuchongwa bado ni mazuri, lakini siku hizi ndani wanauza magodoro.

Ninaandika haya nikiwa kwa binti yangu, mtaa wa Section 58, Nakuru mjini, ambako ninaishi sasa. Niliishia darasa la saba, kwa hivyo anayesoma anivumilie pale nitakapokosea. Kilichonifanya niandike ni mazishi ya mwezi uliopita. Lakini siwezi kuanza na mazishi.

Kabla ya kuwa benki ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la chakula cha mifugo. Mwenye duka alikuwa mzee mnene, mpole, aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Wakulima wa maziwa na pareto walilipwa mwisho wa mwezi, benki kubwa zilikuwa Nakuru mjini, na nauli ni nauli, basi wakawa wanamwachia pesa awawekee. Kila kitu alikiandika kwenye daftari la jalada gumu. Baadaye wenzake wanne wakajiunga naye. Wakaenda Nairobi kuomba kibali, wakanyimwa, wakarudi tena na tena, mwishowe wakapewa. Haya alinieleza yeye mwenyewe siku aliyoniandika kazi. Mimi aliniuliza swali moja tu.

"Unaweza kupika chai ya watu sitini na isiwe maji?"

Nikamwambia ninaweza, kwa kuwa nimepika katika matanga mengi. Akacheka mpaka akakohoa.

Sheria yake ilikuwa kwamba aliyetoka mbali asiitwe dirishani kabla hajashika kikombe. Watu wetu walishuka kutoka vilimani asubuhi na mapema, wengine kwa miguu, na baridi ya kule si ya mchezo. Wakifika waliketi kwenye mabenchi, nami nikapita na birika, vikombe vya bati na kipande cha mkate. Mzee alisema mtu akishakunywa chai kwako, hata akija kukugombeza atakugombeza akiwa ameketi. Na ilikuwa kweli. Kwetu ukiingia kwa mtu na ukakataa chai yake, umesema jambo zito. Ukiinywa, umesema kwamba huna kinyongo naye. Watu waliingia wamenuna kwa sababu ya makato, wakifika kikombe cha pili makato yanakuwa madogo.

Mmoja wa waliokuja kila mwezi alikuwa jirani yangu wa Kabazi, mwanamke wa umri wa mama yangu. Nilipoanza kazi ndiye aliyebaki na binti yangu mchana, na hakuwahi kunidai hata sabuni. Aliolewa mke wa pili na hakujaliwa mtoto. Mume alipofariki, wana wa mke mwenzake walimwachia nyumba ya mbao na mahali pa kufuga ng'ombe, wakamwambia akae hapo mpaka Mungu atakapomwita, ila ajue shamba ni lao. Hawakumtukana wala kumpiga. Walimkumbusha tu. Akikata nyasi mahali, wanamkumbusha. Akipanda mti, wanamkumbusha.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na nusu ekari aliyoikodi na kulima viazi mwaka baada ya mwaka. Mwenye shamba alikuwa Nairobi na alimwahidi kwamba siku ya kuuza atamwuzia yeye kwanza. Ndiyo sababu aliweka pesa ya maziwa benki, kidogo kidogo. Siku moja nilimwuliza kwa nini ateseke kununua shamba uzeeni na hana wa kumrithisha. Alikuwa anakunywa chai yangu pale kwenye benchi.

"Msichana wangu," aliniambia, "nataka kulala mahali hakuna mtu ataniambia nisogee."

Nilifikiri anasema juu ya nyumba. Alikuwa anasema juu ya kaburi.

Mzee mwenye sweta alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja kazini. Tulimzika kwa heshima, na chai ya siku hiyo niliipika mimi. Baada yake wakaja wakurugenzi wapya, watu wa suti, wengine hata hawakuwa wa sehemu zetu. Wakafungua tawi Nakuru mjini, la vioo kutoka chini hadi juu. Huko chai ilitoka kwenye mashine, na mteja aliinunua. Kwetu waliiacha kwa sababu wazee wangelalamika, lakini mkate ukapunguzwa.

Mambo ya mikopo siyajui na sitajifanya ninayajua. Baadaye tuliambiwa wakurugenzi walikuwa wakikopesha kampuni zao wenyewe, na kwamba pesa nyingi zilitoka na hazikurudi. Mimi nilichokijua nilikijua kwa vikombe. Zamani katika chumba cha mkutano niliwapelekea chai wakulima wenye matope kwenye viatu, na kicheko chao nilikisikia hadi jikoni. Kisha wakawa wageni wanaonyamaza mlango ukifunguka. Na mwaka ule wa mwisho wakaja watu watatu kutoka Nairobi, wakaguzi, wakakaa wiki mbili. Kila siku niliwapelekea chai, na kila siku niliikuta imeganda utando juu, haijaguswa. Walikuwa na maji yao ya chupa. Nilimwambia mwanamke aliyekuwa keshia wetu wa dirisha la kwanza kwamba wale watu wana kiburi. Akaendelea kuhesabu noti zake. Sasa ninajua kuwa mtu aliyekuja kukukagua hanywi chai yako, na kama ningekuwa na akili siku ile ningeanza kuogopa.

Ijumaa moja mwezi wa Novemba keshia huyo alinifuata jikoni, akasimama mlangoni kama anayetafuta kijiko. Wote kazini waliniita mathe, yaani mama.

"Mathe, uko na kitu huku ndani?"

"Niko na ya msichana wangu, ya kusomea unesi. Kwani?"

"Toa."

"Kuna nini?"

"Mimi sijasema kitu. Toa leo, uache tu ile ya kushikilia akaunti. Na usinitaje."

Nikaitoa saa nane mchana. Yeye mwenyewe ndiye aliyenihesabia, bila kuniangalia usoni. Nilizifunga kwenye leso, nikazitia ndani ya nguo, nikarudi kuosha vikombe. Nilikuwa nimewahi, na nilifurahi. Lazima niliseme hilo pia. Nilifurahi.

Jioni hiyo nilipita mlangoni kwa jirani yangu kama kawaida. Alikuwa anakamua. Tukasalimiana. Aliniambia mwenye shamba amepiga simu: anauza, na amempa mpaka Krismasi. Pesa yake ilikuwa karibu kutosha, angeuza ndama akamilishe. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo, alikuwa anamwimbia ng'ombe. Nami nilisimama pale na leso yangu kifuani, nikamwambia, "Mungu ni mwema, mama," nikaenda zangu.

Nimejitungia sababu nyingi tangu siku hiyo. Kwamba niliapishwa. Kwamba nikimwambia mmoja atawaambia kumi, benki ianguke, watu wakose kazi, na ionekane ni mimi niliyeiangusha. Kwamba sikuwa na hakika. Hizo zote zilikuja baadaye, nilipokuwa nikitafuta usingizi. Siku ile yenyewe niliogopa tu, na mtu mwenye hofu hujiangalia mwenyewe.

Jumanne ilikuwa siku ya soko. Uvumi ulikuwa umeshatoka Nakuru, redio zimesema hili na lile, na tulipofungua milango watu walikuwa wamejaa hadi kwenye duka la dawa. Meneja alikuja jikoni. Alikuwa kijana wa watu, si mbaya, shati limelowa kwapani na saa tatu haijafika.

"Mathe, leo usipime maziwa. Mkate nimeagiza kreti tatu. Kila mtu apewe, na akimaliza aongezwe."

"Hata walio nje?"

"Walio nje ndio wa kwanza."

Nikapika. Nilipika chai nzuri kuliko siku zote, nzito, yenye tangawizi. Nikatoka nayo nje, na wale watu waliokuja wamekaza nyuso wakaanza kulegea.

"Leo nusu mkate mtu mmoja! Kwani nani anaoa?" aliuliza mzee mmoja.

"Wanatunenepesha kama mbuzi wa Krismasi," mwenzake akamjibu. "Ukiona hivyo jua kisu kiko karibu."

"Wewe kunywa, unaogopa nini? Benki yenye shida ingepata wapi maziwa?"

Watu wakacheka. Dirisha lililofunguliwa lilikuwa moja, foleni ilisogea kama konokono, nami nikapita na birika mara ya pili, mara ya tatu. Na kile alichokisema marehemu mzee kikatokea mbele ya macho yangu. Mtu aliyetoka kwake akiwa ameapa kutoa kila kitu alishika kikombe, akala mkate, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akaona aibu. Utanywaje chai ya mtu vikombe viwili, halafu usimame mbele yake useme nipe changu chote, sikuamini? Wengine walifika dirishani wakatoa kidogo tu, ya dawa ya ng'ombe, ili isionekane walikuja bure. Wengine hawakufika. Walinirudishia kikombe kwa mikono miwili, wakasema asante, wakaenda sokoni. Kuna mmoja aliyemwambia meneja, "Boss, tusamehe, ni maneno ya redio."

Jirani yangu alikuwa karibu na mlango. Alikuwa amevaa kile kitambaa chake cha kanisani, na kitabu cha benki amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuja kutoa yote. Alikunywa kikombe cha kwanza, nikamwongeza, nikamwongeza na mkate. Kisha akanishika mkono uliokuwa na birika.

"Wewe ndiye uko huku ndani. Niambie. Yako iko hapa?"

Meneja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Keshia alikuwa nyuma ya kioo. Lakini sitawasingizia wao, kwa sababu hawakunigusa mdomo. Katika akaunti yangu kulikuwa kumebaki kile kiasi kidogo kisichotolewa, na kwa wakati ule mfupi nilikishikilia hicho kama mtu anayeshikilia mzizi mtoni.

"Iko, mama," nikamwambia.

Akapumua. "Basi wacha nisitembee na pesa nyingi hivi siku ya soko. Nitakuja mara moja Desemba, nikiwa na ya ndama." Akanipa kikombe, akanipigapiga begani, akatoka kwenye foleni. Alikuwa amebakisha watu kama kumi na wawili mbele yake.

Ijumaa asubuhi tulikuta polisi wawili mlangoni na karatasi imebandikwa. Tuliambiwa benki imechukuliwa na serikali, na hakuna anayeingia. Jiko langu sikulifungua tena. Kulikuwa na maziwa ya jana kwenye sufuria, na mpaka leo nakumbuka kwamba nilihofia yataharibika, wakati wenzangu wanalia.

Watu wa Kabazi walishuka. Safari hii walipiga kelele, wakatupa mawe mawili matatu, wakachoka. Jirani yangu hakupiga kelele. Alisoma ile karatasi polepole, akifuata mistari kwa kidole, kisha akaniuliza maana ya neno moja nami sikulijua.

"Pole hata wewe," akaniambia. "Ya msichana ya unesi imeenda."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikainama tu.

Krismasi ilifika. Mwenye shamba alimngoja hadi siku ya mwisho, kisha akauza kwa mtu wa mjini. Mtu huyo alizungushia waya na nguzo za zege. Miezi mingi baadaye serikali ililipa kila mteja kiasi fulani, na kilichozidi wakaambiwa wangoje mali ya benki iuzwe. Kwa alichopata angeweza kununua ng'ombe wawili. Shamba lolote la karibu lilikuwa limeshapanda bei, na yeye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba.

Binti yangu alisoma. Alimaliza unesi, akaajiriwa, na nyumba hii ninamoandika inalipiwa kwa kazi hiyo. Siwezi kuitazama nikasahau.

Nilikaa na neno hilo miaka miwili. Kisha asubuhi moja nilienda kwake. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi sitamaliza. Hakuinua kichwa mpaka nilipofika mwisho.

"Ijumaa gani?"

"Ile kabla ya Jumanne, mama."

"Ile jioni nilikuambia habari ya shamba."

"Ndiyo."

"Ulikuwa nazo wapi?"

Nikamwonyesha kifuani. Akaangalia hapo nilipoonyesha, muda mrefu, kama kwamba bado ziko.

"Kama ungeninyima chai," akasema mwishowe. "Ungesema tu, wewe leo hupati. Ningejua kuna kitu. Ningekasirika, nifike dirishani nikiwa na hasira, nichukue changu."

"Nisamehe, mama."

Alipepeta ungo, makapi yakaruka. Kisha akaniambia ndama amefungwa vibaya, niende nimrudishe kivulini. Nikaenda. Niliporudi alizungumza habari za mvua. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe, nami sikuwa na uso wa kuomba mara ya pili. Tuliendelea kuwa majirani. Aliposhindwa kutembea nilimchotea maji, nikamfulia, mpaka nilipohamia huku mjini. Wapo waliosema nina moyo mzuri. Sikuwasahihisha, na hilo nalo naliweka pamoja na mengine.

Mwezi uliopita binti yangu alipokea simu: jirani yangu ameenda. Nikapanda gari asubuhi, nikafika Kabazi watu wamejaa. Wale wana wa mke mwenzake walikuwa wamefanya kila kitu kama inavyotakiwa, hema, viti, jeneza la kung'aa. Kaburi walilichimba mwisho wa mahindi yao, karibu na zizi, mahali ambapo hapalimiki. Nilisikia wajukuu wawili wakiongea nyuma yangu kwamba siku barabara ikipanuliwa itabidi ahamishwe. Mkubwa wa wale wana alipochukua kipaza sauti alisema mama amerudi kupumzika nyumbani kwake. Watu wakaitikia amina.

Kisha mwenye kuongoza shughuli akauliza kama kuna rafiki wa karibu wa kusema maneno mawili. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda, si mlikuwa kama mtu na mamake?" Kile kipaza sauti kikaletwa hadi mbele ya pua yangu. Nilikuwa na maneno mawili, na ndiyo haya niliyoandika hapa, lakini pale hayakutoka. Nikatikisa kichwa. Wakadhani ni majonzi, wakampa mwingine.

Walipoanza kutupa udongo nilisogea pembeni. Kutoka pale kaburini shamba lile linaonekana vizuri, ng'ambo ya kijito, mteremko mdogo unaopata jua la asubuhi. Mwenye waya amelipanda viazi. Vilikuwa vimetoa maua.